Ufunguo Dukani kwa Mangi: Msimbo Unavyofika Mwanza

Wadau, leo naandika kuhusu nywila. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo, lakini nivumilieni, maana nywila ninayoisema si ile ya barua pepe yako. Ni ile ambayo mashine inaitumia usiku wewe ukiwa umelala. Inakwenda kugonga mlango wa mashine nyingine huko Marekani, ikifunguliwa inachota msimbo wa programu, inaujenga, inaupima, na asubuhi unakuta toleo jipya liko tayari. Kazi hii inafanyika kwenye vyumba vya Nyegezi, Kirumba na Capri Point ambavyo ukipita nje huwezi kudhani kuna kitu ndani zaidi ya feni na chai. Nimekuwa nikiifuatilia historia yake kwa muda, na kila nilipogeuka nilikuta jambo lile lile: watu wanaoacha ufunguo wa nyumba dukani kwa Mangi.

Kwa wasio watu wa kompyuta, niseme kwa kifupi. Programu haiandikwi na mtu mmoja siku moja ikaisha. Msimbo wake unakaa kwenye ghala, na kila badiliko linaandikwa: nani kabadili, lini, kwa nini. Kisha kuna chombo cha kujengea, ambacho ni kama mtumishi asiyechoka. Badiliko likiingia ghalani, mtumishi anakwenda, anachukua nakala, anajenga. Hapo pana maswali mawili tu. Anachota kiasi gani kila akienda? Na mlangoni anajitambulishaje? Ukiwa California maswali haya ni ya kiufundi. Ukiwa kando ya Ziwa Victoria, la kwanza linalipiwa bando, na la pili... tutafika.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1986, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam anayeitwa Dick Grune alikuwa anatengeneza programu na wanafunzi wake wawili. Ratiba zao hazikuoana hata kidogo, kila mmoja anakuja kwa saa zake. Akatengeneza njia ya watu watatu kufanya kazi kwenye mafaili yale yale bila kukanyagana. Ndio mwanzo wa CVS. Brian Berliner aliiandika upya miaka michache baadaye, na katika miaka ya 1990 karibu kila mradi huria wa maana duniani ulikaa humo. Ukitaka kuingia kwa mbali unaandika nywila mara moja, nayo inahifadhiwa kwenye faili dogo ndani ya folda lako. Je, ilikuwa imefungwa? Haikufungwa, ilikorogwa tu! Kila herufi imebadilishwa kwa nyingine ili mtu akipita nyuma yako asiisome kwa bahati mbaya. Mwongozo wenyewe ulikiri hivyo bila aibu. Ni sawa na kuficha pesa ndani ya soksi na kuandika juu ya soksi "si pesa".

Subversion, iliyoanzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 Februari 2004, ilirekebisha mengi ya CVS. Kwenye nywila haikufika mbali. Kwenye mashine za Unix iliiweka wazi kabisa ndani ya faili, neno kwa neno. Ilikuwa mpaka toleo la 1.6, mwaka 2009, ndipo ilipoanza kukuuliza kwanza kama unakubali, na kujua kutumia makabati ya nywila ya mfumo wa kompyuta.

Hapa historia inafika kwetu. Mwaka huo huo wa 2004, ng'ambo ya pili ya ziwa, Eldoret nchini Kenya, mpango wa AMPATH wa kutibu wagonjwa wa UKIMWI ulikuwa umezidiwa na makaratasi. Wakishirikiana na taasisi ya Regenstrief ya Indiana wakaanza OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ambao Februari 2006 ulianza kufanya kazi Eldoret na leo unatumika nchi nyingi za Afrika. Msimbo wake ulikaa kwenye Subversion, na seva ilikuwa Marekani. Fikiria hali ya mawasiliano ya wakati ule. Nyaya za baharini hazikuwa zimefika pwani yetu. SEACOM imeanza kazi Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo mambo yalikuwa setilaiti, ghali na ya kuyumba. Mkongo wa taifa nao ulianza kujengwa mwaka 2009, na kutoka Dar mpaka huku kwetu kwenye miamba ni zaidi ya kilomita 1,000. Mnaokumbuka intaneti kafe za Mwanza za miaka ile mnaijua ile saa ya dakika inayokimbia kuliko ukurasa unaofunguka.

Sasa Subversion ilikuwa na tabia moja: historia yote inabaki kwenye seva. Wewe unapewa toleo la mwisho tu. Ukitaka kujua mstari fulani uliandikwa na nani, lazima upige hodi. Ukitaka kuhifadhi badiliko lako, lazima upige hodi. Setilaiti ikilala, au umeme ukikatika kwa mwenye kafe, kazi inasimama.

Aprili 2005 ndipo ilipozaliwa Git, na ilizaliwa kwa ugomvi. Linus Torvalds na wenzake wa Linux walikuwa wanatumia BitKeeper, chombo cha kampuni binafsi walichopewa bure kwa masharti. Mtaalamu mmoja, Andrew Tridgell, akaanza kuchunguza jinsi kinavyozungumza na seva zake, mwenye kampuni akakasirika, akaondoa ule ubure. Torvalds akaanza kuandika chake tarehe 3 Aprili. Siku nne baadaye Git ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe. Julai akamkabidhi Junio Hamano. Jina lenyewe ni tusi la mitaani la Kiingereza la Uingereza, la kumwita mtu asiyefaa, na Torvalds alitania kwamba vitu vyake vyote anavipa jina lake mwenyewe.

Git inafanya kinyume cha Subversion. Ukikloni ghala, unapewa historia nzima toka siku ya kwanza. Mimi naamini, na wataalamu mnaweza kunibishia, kwamba chombo hiki kilitufaa sisi kuliko hata waliokitengeneza. Unachota mara moja, basi. Baada ya hapo unaandika, unahifadhi, unachungulia mambo ya miaka mitano nyuma, hata kama uko Ukerewe na simu haina hata kijiti kimoja cha mtandao. Na unaweza kumpa mwenzako ghala zima kwa flashi. Nimeona vijana wa Malimbe wakifanya hivyo, mmoja analipia bando, watano wanakloni kutoka kwenye flashi yake. Git haioni tofauti.

Lakini mlangoni palikuwa na shida. Miaka ya mwanzo, Git ilipita vizuri kwenye milango miwili: mlango namba 22 wa SSH, na mlango wake yenyewe namba 9418. Nendeni mkaulize mtu yeyote aliyesoma chuo chenye proksi. Milango inayofunguliwa ni 80 na 443, ya kurasa za wavuti, mengine yote yamepigwa komeo. Kulikuwa na njia ya kupita mlango wa wavuti, lakini ilikuwa ya kizamani, inachukua faili moja moja kama mtu anayehamisha tofali kwa mkono. Toleo la 1.6.6, mwishoni mwa mwaka 2009, likaleta njia ya akili: seva na mteja wanaongea kwanza, "wewe una nini, mimi nina nini", kisha kinatumwa kile tu kilichopungua, kimefungwa pamoja, kwa mlango wa kawaida wa wavuti. Watu wachache wanaikumbuka tarehe hiyo. Kwa mwanafunzi aliyekaa nyuma ya proksi ilikuwa kama kufunguliwa geti.

Na ndipo nywila ikarudi. SSH inatumia jozi ya funguo, mmoja wa siri unabaki kwako. Mlango wa wavuti unataka jina na nywila. Binadamu anaweza kuandika nywila. Mashine ya kujengea inayoamka saa nane za usiku, nani ataiandikia?

Chombo cha kujengea kilichoenea kuliko vyote kilianzishwa na Mjapani, Kohsuke Kawaguchi, mwaka 2004 akiwa Sun Microsystems. Alikiita Hudson. Sun iliponunuliwa na Oracle ukazuka mvutano wa jina, na mwaka 2011 wengi wakahama nacho kwa jina jipya, Jenkins. Hudson na Jenkins wa mwanzo hawakuwa na kabati la siri kwa ajili ya Git. Kwa hiyo watu walifanya lililowezekana: wanaandika jina na nywila ndani ya anwani yenyewe, jina, nukta mbili, nywila, alama ya @, halafu anwani ya ghala. Inafanya kazi vizuri sana. Tatizo ni kwamba anwani inaandikwa kila mahali. Iko kwenye mipangilio ya kazi, iko kwenye folda la Git, na ujenzi ukikwama inaweza kutokea kwenye logi ambayo ofisi nzima inaisoma. Huyo ndiye Mangi wetu. Mtu mwema, anakujua, lakini dukani kwake anaingia kila mtu.

Dawa ilikuja kwa vipande. Januari 2012, Git 1.7.9 ilileta wasaidizi wa nywila, yaani Git ikitaka nywila inamuuliza msaidizi badala ya kuitafuta kwenye anwani. Mwaka 2013 programu-jalizi ya Git ya Jenkins ikafika toleo la 2.0, ikaanza kutumia kabati la pamoja la siri. Nywila inawekwa mara moja kabatini, kazi inapewa jina la kabati tu, na wakati wa kuchota Jenkins inamnong'oneza Git sikioni kupitia faili la muda linalofutwa kazi ikiisha. Kwenye logi, hakuna kitu. Ni uboreshaji mdogo ukiusoma kwenye orodha ya mabadiliko. Lakini aliyeweka nywila kwenye anwani mwaka 2011, ikafanya kazi, atahama kwa sababu gani? Hakuna aliyemlazimisha.

Hapo ndipo naikumbuka ofisi moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja. Walikuwa na programu ya simu ya kupokea taarifa za samaki kutoka mialoni: aina, uzito, bei. Kijana aliyewajengea alitumia akaunti yake binafsi, akaweka nywila yake kwenye anwani, akapata kazi Dar, akaaga vizuri, wakamnunulia keki. Mashine ikaendelea kugonga mlango kwa jina lake kila usiku. Hakuna aliyekuwa na habari, maana mlango ulifunguliwa.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 2021. GitHub, ghala kubwa kuliko yote duniani, ilikuwa imetangaza mapema kwamba nywila za kawaida hazitakubaliwa tena kwa kazi za Git. Kuanzia siku hiyo ni tokeni au funguo. Kwa saa za kwetu ilikuwa giza linaingia. Usiku ule mashine ya ile ofisi ikagonga mlango, ikakataliwa. Ikagonga kesho yake, ikakataliwa.

Kwa ofisi nyingi hii ilikuwa kero ya nusu saa. Kwao ilikuwa wiki mbili. Kijana mpya aliyechukua nafasi alikuwa amegundua kosa: baadhi ya wakusanya taarifa walikuwa wanaandika dagaa kwa ndoo, na programu inasoma kilo. Marekebisho alishayaandika, akayatuma ghalani kwa ufunguo wake mwenyewe wa SSH, yakaingia bila shida. Lakini toleo jipya la simu lilijengwa na ile mashine tu, na sahihi ya kutolea programu ilikuwa humo humo. Mashine ilikuwa imefungiwa nje. Alipoomba aelezwe nywila imewekwa wapi, hakuna aliyejua. Alipompigia aliyeondoka, naye alikuwa amesahau. "Kaka, mimi nilijua kuna mtu kaihamishia kwenye kabati," ndivyo alivyojibiwa. Siku zote hizo, huko mialoni ndoo ziliendelea kuwa kilo. Aliponisimulia alicheka, lakini aliniambia pia kwamba takwimu za siku zile mpaka leo zina alama nyekundu kwenye jedwali lao.

Turudi kwenye swali la kwanza, la kiasi gani. Ile baraka ya Git ya kukupa historia yote, kwa mtumishi wa kujenga ni laana. Yeye hahitaji kujua mstari uliandikwa na nani mwaka 2009. Anataka ndoo moja ya maji, wewe unamhamishia ziwa. Ghala la Linux lina zaidi ya mabadiliko milioni moja, na ukilikloni lote unapita gigabaiti moja kwa mbali. Kuchota kwa kina kifupi, yaani toleo la juu tu bila mizizi, kulikuwepo toka Git 1.5 mwaka 2007, ila ni lazima uombe. GitHub Actions ndiyo iliyogeuza meza: hatua yake ya kuchota, toleo la pili, Desemba 2019, inaleta badiliko moja tu la mwisho usipotaja vinginevyo. Ukitaka historia, ndio uombe. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wenye akili kuliko yote katika simulizi hii, kwa sababu watu wengi hawabadilishi kilichowekwa tayari, na anayelipa kwa megabaiti ndiye wa kwanza kuumia kilichowekwa tayari kikiwa kibaya.

Jenkins nayo ilikuwa na kituko chake. Mwaka 2020, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye mpango wa kiangazi wa Google wa programu huria alikaa kupima kazi ya ile programu-jalizi ya Git. Akashughulikia jambo lililokuwa limekaa kwa miaka: katika uchotaji wa kwanza ilikuwa inakwenda ghalani mara mbili. Inachota, kisha inarudi tena kuuliza kama kuna kipya, wakati imetoka hapo sasa hivi! Kwa mtandao wa kasi huoni tofauti. Kwa mtandao wa kuchechemea, ni safari nzima ya bure. Alipima pia injini mbili ambazo Jenkins inaweza kutumia kuchota, akakuta moja inafaa maghala madogo, chini ya megabaiti 5 hivi, na nyingine makubwa, wakaweka utaratibu wa kuchagua. Mwanafunzi, jamani. Hakuwa profesa. Mpango ule unapokea maombi ya Watanzania kama ya mtu mwingine yeyote, na mambo ya kurekebisha bado yapo.

Nimesema nywila inajibu swali "wewe ni nani". Kuna swali la pili watu walilisahau: na wewe mwenye mlango, ni nani? SSH ina njia ya kulijibu, seva inaonyesha ufunguo wake na wewe unaulinganisha na ule unaoujua. Julai 2022 ikatangazwa kwamba programu-jalizi ya Jenkins inayozungumza na Git ilikuwa hailinganishi. Miaka yote! Mtumishi anafika mlangoni gizani, anakabidhiwa mzigo, haangalii kama ndiyo nyumba yenyewe. Mtu akijiweka katikati ya njia anaweza kumpa mzigo wake. Wakarekebisha, wakaweka ukaguzi.

Miezi minane baadaye, ukaguzi ule ukapata mtihani. Tarehe 24 Machi 2023, nayo Ijumaa, GitHub walitangaza kwamba ufunguo wao wa siri wa RSA wa SSH ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi kwenye ghala la wazi. Ndiyo, wenye ghala wenyewe wameacha ufunguo kwa Mangi. Waliubadilisha karibu saa mbili asubuhi kwa saa zetu. San Francisco walikuwa wanajiandaa kulala. Sisi ndio kwanza tumekaa mezani. Mashine zilizokuwa na ufunguo wa zamani zikatoa onyo kubwa, herufi kubwa tupu, kwamba utambulisho wa seva umebadilika na huenda mtu anafanya ubaya. Zile zilizosimama na kukataa zilifanya kazi yake sawasawa. Yule kijana wa ile ofisi aliniambia kwamba asubuhi ile, kabla ya kugusa kitu, alifungua ukurasa wa GitHub akalinganisha alama za ufunguo mpya herufi kwa herufi. Jirani yake wa chumba cha pili alizima ukaguzi wote ili kazi iendelee. Sijui kama ameuwasha tena. Nilipomuuliza alibadili mazungumzo.

Halafu kuna siku ambazo mlango wenyewe haufikiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtumishi anayekwenda Marekani kwa kila ujenzi, siku kama hizo hana kazi.

Ile ofisi ya samaki ilishajiandaa, si kwa kutabiri, ni kwa ubahili wa bando tu. Chini ya ngazi kuna kompyuta ya mtumba yenye nakala kamili ya ghala lao. Jenkins inachota hapo kwanza, ndani ya jengo, kisha inaleta kutoka nje tofauti tu kama nje kunafikika. Anwani haina nywila tena. Wanatumia ufunguo wa ghala hilo moja tu, wa kusoma tu, usio wa mtu yeyote. Kwa kazi chache zinazohitaji tokeni wanaweka yenye tarehe ya kufa, na onyo la kufa kwake linakwenda kwenye barua pepe ya ofisi. Karatasi iliyobandikwa ukutani inaeleza kila ufunguo uko wapi na unafungua nini, bila kuandika ufunguo wenyewe. Niliomba kuipiga picha, wakakataa.